Mijadala ya Mlimani katika Mizani ya Adabu za Munadhara

  

Wasomi wa nchi hii wanapozikumbuka enzi za mijadala huutaja Mlima wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Husema kwamba katika miaka ya 1960 na 1970 vijana walijua kujenga hoja, na kwamba vijana wa leo hawajui. Maneno haya yamerudiwa mara nyingi hata yamekuwa kama riwaya mutawatir, ambayo hakuna tena anayeuliza isnadi yake. Makala hii inakusudia kuuliza. Tutazitazama hasa kazi mbili zilizoihifadhi mijadala ile. Ya kwanza ni mkusanyiko alioutengeneza Yash Tandon mwaka 1982 kuhusu tabaka, dola na ubeberu. Ya pili ni kitabu cha kumbukumbu za jarida la Cheche, alichokihariri Karim Hirji na kutolewa na Mkuki na Nyota mwaka 2010. Tutazipima kwa elimu ambayo wanazuoni wetu waliiita adabul-bahthi wal-munadhara, yaani adabu za utafiti na kujadiliana.

Huenda imamu akauliza: sisi wa mihrabu yanatuhusu nini mambo ya Mlimani? Yanatuhusu kwa sababu mbili. Kwanza, haki ni mali iliyompotea muumini, popote aikutapo ana haki nayo zaidi. Pili, vijana wetu wanaotoka vyuo vikuu leo wanarudi misikitini na mtindo wa kujadili walioukuta huko, na misikiti mingi imeshauonja uchungu wake.

MLIMA NA WATU WAKE

Chuo kilianza Oktoba 1961 katika jengo la TANU, Mtaa wa Lumumba, kikiwa na kitivo kimoja tu cha sheria na wanafunzi wasiofika ishirini. Mwaka 1964 kikahamia Mlimani. Mwaka 1970 kikawa chuo kikuu kamili kinachojitegemea, baada ya kuvunjika kwa Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki kilichokiunganisha na Makerere na Nairobi.

Tukio la kwanza kubwa lilikuwa la Oktoba 1966. Wanafunzi waliandamana kuupinga mpango wa Jeshi la Kujenga Taifa, uliowataka watumikie miaka miwili, na sehemu kubwa ya muda huo wapokee asilimia 40 tu ya mshahara. Baadhi ya mabango yao yalidai kwamba ukoloni ulikuwa afadhali. Mwalimu Nyerere alikasirika, akawarudisha makwao zaidi ya wanafunzi mia tatu, na papo hapo akatangaza kuupunguza mshahara wake mwenyewe kwa asilimia 20. Miezi michache baadaye, Februari 1967, likaja Azimio la Arusha.

Katika hali hiyo kikazaliwa mwaka 1967 chama cha wanafunzi wa mapinduzi ya Afrika, kilichojulikana kwa kifupi kama USARF, na mwenyekiti wake alikuwa Yoweri Museveni. Walikuwa na darsa zao za Jumapili. Waliwaalika wageni kama C. L. R. James na Stokely Carmichael. Walimu kama Walter Rodney, mtu wa Guyana, waliwapa nguvu. Novemba 1969 wakatoa jarida la Cheche, na miongoni mwa wahariri wake walikuwa Karim Hirji, Henry Mapolu na Zakia Meghji. Mwaka 1970 Issa Shivji alichapisha humo andiko lake refu, The Silent Class Struggle. Mwezi Novemba mwaka huohuo jarida likafungwa na chama nacho kikapigwa marufuku.

Mjadala haukufa. Shivji alitoa kitabu chake juu ya mapambano ya kitabaka Tanzania mwaka 1976, Mahmood Mamdani akatoa chake juu ya Uganda mwaka huohuo, na Dan Nabudere akajibu kwa kitabu juu ya ubeberu mwaka 1977. Majibu na majibu ya majibu ndiyo yaliyokusanywa na Tandon, na dibaji ikaandikwa na Abdulrahman Babu.

MIZANI TUNAYOTUMIA

Imamu Ghazali (r.a.) alikuwa mwalimu wa Nidhamiyya ya Baghdad kuanzia mwaka 484 Hijria. Chuo kile kilikuwa ndicho kitovu cha midahalo katika zama zake, naye alikuwa bingwa wa midahalo hiyo mpaka alipokiacha mwaka 488. Hivyo alipoandika katika Ihyaa, Kitabu cha Elimu, juu ya munadhara, hakuandika kama mtu aliyesikia kwa mbali. Aliweka masharti manane ambayo kwayo mjadala huwa wa kutafuta haki. Yasipotimia huwa wa kutafuta ushindi. Hatutayataja yote. Manne yanatosha kwa shughuli yetu.

La kwanza, mtu asijishughulishe na mjadala hali ya kuwa mbele yake ipo faradhi ya kutosheleza iliyo muhimu zaidi. Alitoa mfano wa mtu anayewaona watu wanakufa kwa kiu naye ana uwezo wa kuwanywesha, kisha akawaacha akaenda kujifunza kuumika. La pili, mwenye kujadili awe na uwezo wa kuiacha kauli ya imamu wake pindi haki ikidhihiri upande wa pili. La sivyo mjadala wake hauna faida, kwani hata akishindwa hatabadilika. La tatu, mjadala uwe juu ya jambo lililotokea au lililo karibu kutokea. La nne, awe kama mtu aliyepotelewa na kitu, ambaye hajali kimeonekana kwa mkono wake au kwa mkono wa mwenzake, bali humshukuru aliyekiona.

WALIPOPATIA

Uadilifu unatutaka tuanze na mazuri. Allah (s.w.) ametukataza katika Suratul-Maida, aya ya 8, chuki yetu kwa watu isitupeleke kwenye kutofanya uadilifu.

Mwaka 1968 wanafunzi wa USARF waliizuia ile iliyoitwa Rag Day, siku ambayo wanafunzi walivaa matambara na kuzunguka mjini wakichangisha fedha za masikini. Hoja yao ilikuwa kwamba kuigiza umasikini kwa furaha na vicheko ni kumdhihaki masikini, na kwamba senti za siku moja hazigusi sababu ya umasikini wake. Tukiiweka hoja hii mbele ya fiqhi ya sadaka tunaikuta imesimama imara. Suratul-Baqara, aya ya 264, inatufundisha kwamba sadaka hubatilika kwa masimango na maudhi. Mafaqihi wakaenda mbali zaidi, wakasema hadhi ya mpokeaji ni katika adabu za kutoa, na kwa ajili hiyo wakaipendelea sadaka ya siri. Vijana wale hawakuitoa hoja yao katika Qur'an, lakini walifika mlango uleule. Kilichobaki kuulizwa ni njia. Badala ya kuwashawishi wenzao waliyazuia magari yasitoke, na anayeshinda kwa kuziba njia hajui kama hoja yake ingeshinda ikiachwa peke yake.

La pili ni andiko la Shivji la 1970. Wakati huo wengi waliridhika kwamba mabenki na makampuni yametaifishwa, basi unyonyaji umekwisha. Yeye alikwenda kuitazama mikataba ya ubia na ya uendeshaji iliyosainiwa baada ya 1967, akaonyesha kwamba jina la mmiliki limebadilika lakini faida na maamuzi bado vinapita njia za zamani. Wanausuli wana jina la kazi kama hii: tahqiqul-manat, yaani kuhakikisha kama illa ya hukumu imo kweli ndani ya jambo lililo mbele yako. Pombe haiwi halali kwa kubandikwa jina la sharubati, na unyonyaji haukuondoka kwa kubandikwa jina la shirika la umma. Huo ndio ufahamu, na kwa kipimo hicho andiko lile linastahiki kusomwa mpaka leo.

TAQLIDI YENYE JINA JINGINE

Lakini tunapoingia katika mkusanyiko wa 1982 hali inabadilika. Swali la msingi lilikuwa zuri na zito: ni nani anayetawala katika nchi zetu baada ya uhuru? Shivji alisema ni tabaka la warasimu lililozaliwa ndani ya dola. Nabudere alikataa, akasema mtawala wa kweli ni mtaji wa fedha wa kibeberu, na hao wa ndani ni mawakala tu. Kila jibu lina matokeo yake, kwani ukijua nani anatawala unajua nani wa kuungana naye na nani wa kupambana naye.

Tatizo ni namna ya kutoa dalili. Msomaji aliyesoma fiqhi atashangaa jinsi anavyojihisi yuko nyumbani. Maneno ya Lenin juu ya ubeberu yanaletwa kama nassi, kisha pande mbili zinashindana nani ameifahamu vizuri zaidi matini. Kurasa nyingi zinakwenda katika kuthibitisha kwamba mpinzani amekwenda kinyume na imamu, na kurasa chache zinakwenda katika kuthibitisha hali ilivyo Mwanza, Gulu au Mtwara. Hii ndiyo taqlidi ambayo Ghazali aliihofia katika sharti lake la pili. Watu waliowacheka masheikh kwa kufungwa na Minhaji ya Imamu Nawawi walikuwa nao wamefungwa na minhaji zao.

Aidha yakaja majina ya kubandikana. Kumwita mwenzako mfuasi wa Trotsky, au bwanyenye uchwara, ilikuwa kama kumtoa katika jamaa. Jina likishatolewa, hoja yake haikuwa na haja ya kujibiwa. Suratul-Hujurat, aya ya 11, inakataza kuitana majina ya kejeli, na wafasiri wameeleza ubaya wake kwa upande wa udugu. Mimi naongeza ubaya wake kwa upande wa elimu: jina la kejeli ni njia ya mkato ya kuikwepa dalili.

Tusidhani kwamba haya yalikuwa maneno ya darasani tu. Utawala wa Idi Amin ulipoanguka mwaka 1979, waliojadiliana Dar es Salaam walijikuta wamekaa katika serikali moja Kampala. Nabudere alikuwa waziri, na Museveni vilevile. Serikali ile ilibadilisha rais mara moja ndani ya miezi michache, na ikapinduliwa Mei 1980. Sababu zilikuwa nyingi, na si haki kuubebesha mjadala wa chuoni mzigo wote. Lakini watu waliozoea kuhesabiana makosa hawajifunzi kwa siku moja kushauriana.

LUGHA NA MWENYE KIU

Sasa tuje kwenye sharti la mwenye kiu. Naandika nikiwa Lalago, nchi ya pamba, na hapa ndipo uzito wa jambo unapoonekana.

Wakulima wa pamba wa Usukuma hawakusubiri chuo kikuu ili wajue kudhulumiwa ni nini. Katika miaka ya mwanzo ya 1950, walipochoka kuibiwa katika mizani za wanunuzi, waliweka wapimaji wao wenyewe wa kuhakiki uzito kabla ya kuuza. Kwao Suratul-Mutaffifin ilikuwa na tafsiri mbele ya macho, hata kwa wale ambao hawakuwa Waislamu na hawakupata kuisikia. Kutoka hapo vikaundwa vyama vya msingi, na mwaka 1955 vikaungana katika shirikisho la Victoria, lililoongozwa na Paul Bomani. Shirikisho hilo lilikua hata likahesabiwa miongoni mwa vyama vikubwa vya wakulima barani Afrika. Lilikuwa na kasoro zake, na tume ya serikali ya mwaka 1966 ilizitaja. Lakini lilikuwa mali ya wakulima.

Mwaka 1976 serikali ilivivunja vyama vikuu vya ushirika nchi nzima. Mkulima akabaki na mamlaka ya zao upande mmoja na serikali ya kijiji upande wa pili, na mizani iliyokuwa yake ikawa ya mtu mwingine tena. Ilichukua mpaka mwaka 1982 kutungwa sheria ya kuvirudisha.

Sasa itazame tarehe hiyo. Mwaka 1976 ndio mwaka kilipotoka kitabu cha Shivji kinachoeleza jinsi warasimu wa dola wanavyojikusanyia madaraka ya uchumi kwa jina la wananchi. Ikiwa kulikuwa na mtu aliyehitaji maelezo hayo mwaka ule, ni mkulima wa Maswa na Bariadi. Maji yalikuwepo na mwenye kiu alikuwepo. Lakini maji yaliwekwa katika chombo ambacho mwenye kiu hawezi kukifungua, kwani kitabu kilikuwa cha Kiingereza, majibu yake yalikuwa ya Kiingereza, na istilahi zake hata mwenye Kiingereza cha sekondari zingemshinda. Jarida lilijiita Cheche, jina zuri la Kiswahili, lakini takriban yote yaliyokuwemo ndani hayakuwa ya Kiswahili. Nayo nchi hii, kinyume na nyingine nyingi za Afrika, ilikuwa na lugha moja inayofahamika kutoka Kigoma mpaka Pemba.

Atasema mtetezi kwamba elimu ya juu ina lugha yake, na kwamba hata sisi tuliandika fiqhi kwa Kiarabu. Tunajibu kwamba ni kweli, lakini masheikh wa pwani hawakuishia hapo. Walitunga tendi kwa Kiswahili ili mwanamke wa nyumbani na mvuvi wa ngalawa waijue sira ya Mtume (s.a.w.) na hukumu za sala. Baadaye Sheikh Abdalla Saleh al-Farsy akaifasiri Qur'an yote. Walifahamu kwamba elimu isiyofika kwa mwenye haki nayo ni amana iliyozuiwa. Baadhi ya wana-Mlimani nao walilifahamu hilo miaka mingi baadaye, wakaanza kuandika kwa Kiswahili, nao wanastahiki shukrani kwa hilo. Lakini kwa mkulima wa 1976 msimu wa mvua ulikuwa umeshapita.

DINI ILIYOACHWA MLANGONI

Jambo jingine linalomgusa msomaji wa kurasa hizi ni nafasi ya dini. Kwa wengi wa waliojadiliana, dini ilikuwa kilevi cha umma, au kwa uchache mabaki ya zama zilizopita ambayo yatajiondokea yenyewe. Kwa hiyo hawakuikataa kwa hoja, bali waliiacha mlangoni.

Hasara ya kielimu ilikuwa kubwa. Chukua historia. Idara ya historia iliyoanzishwa na Terence Ranger na kuendelezwa na Isaria Kimambo ilifanya kazi njema ya kuwarudishia Waafrika nafasi yao katika historia yao. Kisha wakaja wakosoaji wao, Arnold Temu na Bonaventure Swai, ambao mwaka 1981 walisema historia ile iliwatazama viongozi na kuwasahau wazalishaji. Pande zote mbili zilikuwa na la kusema. Lakini msomaji anayetafuta zawiya za Qadiriyya, vyuo vya Qur'an vya Bagamoyo, Tabora na Kilwa, na mtandao wa masheikh na wanafunzi wao, atakuta nafasi ndogo mno. Kitabu kizima juu ya tariqa na siasa ya nchi hii kilikuja kuandikwa na Mmarekani, August Nimtz, mwaka 1980. Na historia ya wazee wa Kiislamu wa Dar es Salaam katika kuasisi TANU ilisubiri kitabu cha Mohamed Said juu ya Abdulwahid Sykes, kilichotoka London mwaka 1998. Unaweza kuafikiana na Mohamed Said au kukhitilafiana naye katika hitimisho zake, lakini huwezi kukana kwamba aliuliza swali lililopaswa kuulizwa na chuo miaka thelathini nyuma.

Hata hivyo, lawama haina mwelekeo mmoja. Waislamu Mlimani walikuwa wachache, kwa sababu shule nyingi za kikoloni zilikuwa za misheni, na hilo si kosa la mwanafunzi wa 1969. Lakini wanazuoni wetu nao hawakupanda mlima. Kitabu cha Rodney juu ya jinsi Ulaya ilivyoidumaza Afrika kilitoka mwaka 1972, na ndani yake mna mambo ya riba, dhulma na biashara ya watu ambayo fiqhi yetu ina maneno mengi ya kuyasema. Tungetazamia hashiya, sherehe, au japo radd moja ya maana kutoka kwa masheikh wa Afrika Mashariki. Wengi tuliwaona wale kuwa makafiri wa kikomunisti, tukafunga mlango upande wetu. Hivyo mlango ulifungwa kwa komeo mbili.

MJADALA WA USHAIRI

Tupite kidogo katika utamaduni, kwani huko nako kulikuwa na vumbi. Mwaka 1974 Euphrase Kezilahabi, aliyekuwa mtu wa Mlimani, alitoa diwani ya Kichomi yenye mashairi yasiyofuata vina na mizani. Wenye mapokeo wakasema haya si mashairi. Wenye usasa, wakiwemo Mulokozi na Kahigi katika kitabu chao cha 1979, wakasema vina na mizani ni pambo na si roho ya ushairi. Wapo waliokwenda mbali wakaziita sheria za Amri Abedi ni minyororo ya Kiarabu, na wapo waliokwenda mbali upande wa pili wakaufanya utetezi wa vina uonekane kama utetezi wa dini.

Kwa aliyesoma arudhi jambo hili ni jepesi. Al-Khalil bin Ahmad alizikusanya bahari za mashairi ya Kiarabu katika karne ya 2 Hijria, na kabla yake washairi walikuwa wameshatunga karne kadhaa bila kitabu chake. Kanuni ilizaliwa na tungo. Na Waarabu wenyewe walipata mgogoro huohuo mwaka 1947, pale Nazik al-Malaika na Badr Shakir al-Sayyab wa Iraq walipoanza kutunga shairi huru, wala Uislamu haukutikisika. Hivyo vina si sharti la imani, na kutunga bila vina si dalili ya maendeleo. Swali lililopaswa kuulizwa ni la kitaalamu: shairi linalokusudiwa kuimbwa na kuhifadhiwa kifuani linahitaji nini, na lile linalokusudiwa kusomwa kimya kitabuni linahitaji nini? Walioliuliza hivyo walifaidika. Walioligeuza kuwa la asili na damu walipoteza wino.

DOLA INAPOINGIA

Tumewakosoa wajadili. Sasa uadilifu unatutaka tuseme juu ya waliowanyamazisha. Cheche lilifungwa likiwa na umri wa mwaka mmoja, na hoja iliyotolewa ilikuwa kwamba Tanzania inajenga ujamaa wake na haihitaji fikra za kigeni. Julai 1971, Symonds Akivaga, kijana wa Kenya aliyekuwa rais wa jumuiya ya wanafunzi, aliondolewa chuoni na askari wenye silaha baada ya kuukosoa uongozi. Machi 1978 wanafunzi waliandamana kupinga nyongeza ya marupurupu ya viongozi, na zaidi ya mia tatu wakafukuzwa. Mwaka 1990 chuo kizima kikafungwa kwa miezi kadhaa.

Historia yetu inalijua jambo hili kwa jina la mihna. Mwaka 218 Hijria Khalifa Maamun aliamua kuwalazimisha wanazuoni waikubali kauli ya kuumbwa kwa Qur'an, na baada yake, chini ya Mu'tasim, Imamu Ahmad bin Hanbal akapigwa mijeledi. La kuzingatiwa ni kwamba waliokuwa nyuma ya Khalifa walikuwa Mu'tazila, watu waliojisifu kwa akili na hoja. Walipopata upanga waliona hoja inachelewesha. Na upanga ulipobadilisha mkono, wakati wa Mutawakkil, ulielekezwa kwao.

Fundisho lake ni la pande mbili. Mtawala anayefunga mjadala haufungi ila kwa siku zake. Waliofungiwa Cheche waliendelea, ndiyo sababu tunasoma kumbukumbu zao leo. Na mjadili anayeshangilia dola inapomnyamazisha mpinzani wake anaukopa upanga utakaomrudia. Waliofurahia mwaka 1966 wenzao waliposafirishwa makwao wajiulize nani alisafirishwa baadaye.

NA SISI JE?

Makala ya ukosoaji inayowahesabia wengine kisha ikawaacha wenyewe ni ghiba yenye isnadi. Basi tuirudishe mizani kwetu.

Tangu miaka ya 1980, baada ya ziara ya Ahmed Deedat, mihadhara ya hadhara imekuwa sehemu ya maisha yetu. Imewazindua wengi, na hilo halikanushiki. Lakini pamoja nayo umeingia mtindo wa kutafuta kicheko cha umati. Kisha mtindo huo ukahamia ndani ya msikiti. Badala ya bwanyenye uchwara tunasikia mzushi, Wahabi, mwabudu makaburi, mpotofu. Badala ya Lenin inaletwa fat'wa ya mwanachuoni wa nchi ya mbali iliyotolewa kwa watu wa nchi hiyo, bila ya tahqiqul-manat yoyote, na asiyeikubali hutolewa katika jamaa. Kijana aliyemaliza shahada yake anarudi katika mji mdogo kama huu wetu, ambako Waislamu ni wachache na msikiti ni wa bati chache, na jambo la kwanza analolianzisha ni mjadala wa maulidi na mwezi mwandamo. Mwaka wa pili Waislamu wale wachache wana Idi mbili.

Tumuulize kwa sharti la Ghazali: wenye kiu ni nani hapa? Ni mkulima anayekopa pembejeo asijue kama katika mkopo ule mna riba. Ni mjane asiyejua fungu lake la mirathi, na shemeji zake wameshagawana ng'ombe. Ni mtoto anayemaliza darasa la saba hajui kusoma Fatiha. Haya yote ni faradhi, na yote yametokea, hayako katika dhana. Anayeyaacha akaenda kushindana juu ya jambo ambalo maimamu wakubwa walikhitilafiana na wakasali nyuma ya wenzao, huyo amekwenda kujifunza kuumika.

Si nia yetu kusema mijadala ikomeshwe. Umma usiojadili hufa kwa utulivu. Maimamu wanne walijadiliana na wanafunzi wao wakajadiliana, na Imamu Shafi'i amepokewa kuwa alikuwa akipenda haki idhihiri hata kama ni kwa ulimi wa mwenzake. Suratun-Nahl, aya ya 125, haikuukataza mjadala, bali imeutaka uwe kwa njia iliyo bora. Na wana-Mlimani, pamoja na yote tuliyoyasema, walikuwa na sifa moja ambayo wengi wetu hatuna: walisoma kitabu cha mpinzani mpaka mwisho kabla ya kukijibu, nao wakajibu kwa kitabu. Tuwaige katika hilo. Kisha tuongeze yale waliyoyakosa, ambayo ni lugha ya mwenye haki, uhuru wa kumwacha imamu pindi dalili inapotengana naye, na nia ya mtu anayetafuta kilichopotea.

Tunamuomba Allah (s.w.) atuonyeshe haki kuwa ni haki na atuwezeshe kuifuata, na atuonyeshe batili kuwa ni batili na atuwezeshe kuiepuka. Wallahu a'alam. Wabillahi tawfiq.